Maktaba ya kidijitali bila bando: mwongozo kamili kwa shule za vijijini Nyanda za Juu Kusini

Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Tunduma, simu haikusumbui sana. Minara imefuata barabara kuu, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umepita ukanda huohuo kuelekea mpakani. Kasheshe inaanza ukiacha lami. Shuka kwenye mabonde ya Makete, panda Bundali huko Ileje au zungukia upande wa Udzungwa huko Kilolo, utakuta shule ambayo mwalimu wa taaluma akitaka kufungua tovuti ya NECTA lazima kwanza apande kilima nyuma ya bwalo. Mwanafunzi wa shule hiyo anakaa kwenye mtihani uleule wa kidato cha nne, Novemba ileile, na mwenzake wa Mbeya mjini ambaye jioni huazima simu ya mama yake na kutazama namna ya kusawazisha milinganyo ya kemia.

Wengi wakisikia habari hizi wanawaza mnara. Mnara unahitajika, na namna ya kuufuatilia nimeieleza huko chini. Lakini hata mahali mnara upo, mtoto anafungiwa nje na bei ya bando. Chukua video ya dakika tano yenye MB 25. Darasa la wanafunzi 40 wakiifungua kila mmoja kwa kifaa chake, GB 1 imeyeyuka kabla kengele haijagongwa, na hicho ni kipindi kimoja cha somo moja. Hakuna shule ya kata itakayomudu hilo wiki nzima. Video hiyohiyo ikipakuliwa mara moja mjini na kuwekwa kwenye kompyuta ya shule, wanafunzi wote 40 wataitazama, na wa mwaka kesho pia, bila kununua vocha.

Kwa hiyo tunachojenga hapa ni kitu kidogo: kompyuta moja inayotunza masomo (tuiite seva), rauta moja inayoyasambaza kwa waifai ndani ya uzio wa shule, na vifaa vichache vya kusomea. Intaneti inatumika wakati wa kujaza tu.

Kagua kabla ya kununua

Anza na stoo. Shule nyingi zina vifaa kuliko zinavyodhani. Walimu walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na vingi vinatumika kwa WhatsApp peke yake. Zipo kompyuta zilizotolewa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, zimefunikwa kitambaa zisipate vumbi, na vumbi zimepata. Ipo projekta ambayo waya wake umeazimwa ofisi ya kata. Orodhesha kila kitu, washa kila kimoja, andika kinachofanya kazi na kinachohitaji fundi.

Simu za wanafunzi usizihesabu. Kanuni za shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni, na mpango utakaotegemea simu za watoto utavunjwa na mwalimu wa nidhamu siku ya kwanza. Panga kwa vifaa vya shule: kompyuta, vishikwambi na projekta. Projekta moja iliyounganishwa na seva inafundisha darasa zima, na kwa shule yenye vifaa vitatu tu hiyo ndiyo njia ya kuanzia.

Kisha pima mtandao. Usitegemee vile vijiti vinne vya simu, vinadanganya. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi yenye alama dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, kwenye -90 au karibu zaidi na sifuri mambo ni mazuri, -100 unavumilia, na ikivuka -110 utaona jina la mtandao tu lakini ukurasa haufunguki. Tembea na simu hiyo: ofisini, kila darasa, chini ya mti wa paredi, juu ya kilima. Rudia kwa laini ya kila kampuni. Mahali penye milima kama kwetu, hatua thelathini zinaweza kukutoa kwenye kivuli cha mlima na kukuweka uso kwa uso na mnara wa kijiji cha pili. Andika namba zote kwenye daftari; zitakusaidia mara mbili, kuweka antena na kuandika barua ya kuomba mnara.

Umeme nao uulize kwa uhalisia. REA imefika? LUKU analipa nani, na ikiisha katikati ya mwezi inachukua muda gani kurudishwa? Umeme ukikatika hukaa saa ngapi?

La mwisho kwenye ukaguzi ni watu. Chagua walimu wawili, si mmoja, maana uhamisho haugongi hodi. Ongeza mtu wa tatu asiyehama: karani, mlinzi au mzazi mwenye ufundi kidogo anayekaa hapo kijijini. Shule ikimtegemea mwalimu mmoja wa TEHAMA, akihamishwa huondoka na neno la siri kichwani.

Karatasi

Hapa sitakaa sana. Mkuu wa shule alete jambo kwenye bodi, liandikwe kwenye muhtasari. Ununuzi wa shule ya umma unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali, na matumizi yanaonekana kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo kama shule, kwa hiyo mhasibu wa halmashauri ajue mapema. Vifaa vya msaada viandikiwe hati ya makabidhiano na viingizwe kwenye leja ya mali siku hiyohiyo. Michango ya wazazi ina utaratibu wake wa kibali. Usikusanye hata shilingi mia kabla ya kukipata.

Seva: tafuta kompyuta mpakato ya zamani

Miongozo mingi ya nje itakuambia ununue Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja. Ni kizuri, kinakula wati tano hivi, lakini kikifa ukiwa Lupila, ndani kabisa ya Makete, fundi wa kukifungua utamtafuta sana. Ushauri wangu kwa shule inayoanza ni kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 4 au zaidi na diski ya GB 500. Fundi wa Mwanjelwa pale Mbeya au Miyomboni pale Iringa anaijua, vipuri vyake vipo, na ina betri yake ndani, hivyo umeme ukikatika haizimi ghafla na kuharibu mafaili. Hata kioo kikiwa kimepasuka hakuna neno, seva haitazamwi. Dai mambo matatu tu kwa muuzaji: diski nzima, betri inayoshika angalau saa moja, na feni isiyopiga kelele. Ukiweza kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, fanya hivyo. Inavumilia mitikisiko ya barabara zetu.

Umeme, baridi na radi

Kompyuta mpakato inayotumika kama seva hula takriban wati 20, rauta ndogo wati 6 hivi. Jumla 26. Ikiwashwa saa tisa kwa siku, masomo na prepo, ni karibu saa-wati 234. Kwa Raspberry Pi na rauta ileile hesabu inashuka hadi kama 100, na hapo ndipo kikompyuta kile kinapopata hoja ya nguvu kwa shule isiyo na umeme kabisa.

Mlaji mkubwa ambaye watu humsahau ni vishikwambi. Kimoja chenye betri ya mAh 6,000 kinabeba saa-wati 22 hivi. Kumi vikichajiwa kutoka sifuri, pamoja na upotevu, unakaribia 300. Yaani kuchaji vishikwambi kumi kunashinda seva na rauta ya siku nzima. Ukinunua sola kwa kuhesabu seva peke yake, wiki ya pili utaambiwa "sola ni mbovu".

Mfano wa kupanga: betri ya kawaida ya volti 12 na Ah 100 inabeba saa-wati 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Hiyo inatosha seva ya kompyuta mpakato kwa siku mbili zenye mawingu, bila vishikwambi. Vishikwambi vichajiwe saa sita mchana jua likiwa kali, si usiku kutoka kwenye betri. Paneli itazame kaskazini, maana sisi tuko kusini mwa ikweta, na iinamishwe nyuzi kama 15 ili mvua ioshe vumbi. Shule ya Rungwe au Busokelo isikubali hesabu ya fundi wa Dodoma: huku mawingu ya mvua hukaa, basi chukulia saa tatu tu za jua kamili kwa siku, na paneli iwe kubwa kuliko ulivyofikiria.

Baridi ina mambo yake. Juni na Julai barafu hutanda kwenye nyasi za Kitulo na sehemu za Makete na Mufindi. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ziweke chumba cha ndani, juu ya meza ya mbao, na asubuhi ya barafu subiri chumba kipate joto ndipo uwashe chaja. Kompyuta iliyolala kwenye baridi kali ikiingizwa ghafla chumba chenye watu 50 hufanya jasho ndani. Iache nusu saa.

Kuhusu radi, usiamini soketi yenye maandishi ya kuzuia radi. Chimbia nondo ya ethi, na mawingu yakianza kunguruma chomoa waya wa umeme na ule wa antena. Kazi hiyo apewe mwalimu wa zamu, iandikwe kwenye majukumu yake.

Kupakua: fanyia mjini, fanya kwa subira

Hii ndiyo kazi yenyewe. Programu mbili zinatosha kuanzia, zote bure.

Kiwix inafungua tovuti nzima zilizofungwa kwenye faili moja lenye jina linaloishia na .zim. Ndani yake utapata Wikipedia, kamusi, na majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ambayo mwanafunzi anaunganisha nyaya na balbu kwenye skrini akaona mkondo unavyotembea. Kwa shule ambayo maabara yake ina meza na bomba kavu, PhET peke yake inalipa gharama ya mradi.

Kolibri ni darasa: video, mazoezi na majaribio, pamoja na masomo ya Khan Academy, yakiwemo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwalimu anaona nani amefanya zoezi gani na amekwama wapi.

Sasa uchaguzi wa mafaili ya Kiwix. Majina yake yana neno la mwisho linaloonyesha ukubwa: maxi ni makala kamili na picha, nopic ni makala bila picha, mini ni utangulizi wa kila makala tu. Wikipedia ya Kiingereza ya maxi inazidi GB 100. Kwa mtandao wa Mbps 5 hiyo ni karibu siku mbili mfululizo bila kukatika. Kwa Mbps 20 ni kama saa kumi na moja. Na sidhani kama kidato cha pili anaihitaji. Ningeanza hivi: Wikipedia ya Kiswahili ya maxi, yenye makala nyingi na faili dogo, Wikipedia ya Kiingereza rahisi, iliyoandikwa kwa sentensi fupi, PhET, na kamusi ya Kiingereza. Ile Kubwa, ya Kiingereza kamili, njoo nayo baadaye, kwa kidato cha tano na sita.

Kiingereza rahisi na Kiswahili nimevipa nafasi ya mbele kwa makusudi. Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka miaka saba ya Kiswahili na ghafla Biolojia ni Kiingereza. Akimwagiwa makala ya kitaalamu ya Wikipedia Kubwa ataifunga. Asome kwanza mada kwa Kiswahili aielewe, kisha kwa Kiingereza rahisi, kisha kitabu cha kiada ambacho mtihani unakifuata.

Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti ya tovuti kabla ya kuweka nakala kwenye seva, na usiuze nakala hata kwa bei ya karatasi. Angalia pia toleo: mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, darasa kwa darasa, kwa hiyo kwa miaka kadhaa shule moja itakuwa na vidato vya mtaala wa zamani na wa mpya. Folda zitenganishwe. Kutoka NECTA chukua mitihani iliyopita na zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Walimu wengi hawazifungui, nazo ndizo zinaonyesha swali gani liliwaangusha wengi na waliandika nini badala ya jibu sahihi.

Wapi pa kupakulia? Vyuo vina mtandao wa maana: MUST na kampasi ya Mzumbe pale Mbeya, Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa pale Iringa. Barua ya mkuu wa shule na adabu mlangoni hufungua mengi, hasa Mkwawa ambako walimu wenyewe ndiko wanakofundwa. Ukikosa, bando la usiku mara nyingi ni nafuu kuliko la mchana. Pakua kuanzia saa sita usiku.

Mambo manne yatakayokuokoa safari:

1. Pakua faili kubwa kwa torenti, njia inayoshusha faili vipandevipande, au kwa programu inayoendelea pale ilipoishia mtandao ukikatika. Kivinjari cha kawaida mara nyingi huanza upya.
2. Kiwix hutoa namba ndefu ya uhakiki kwa kila faili, iitwayo sha256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile jina.zim SHA256`, linganisha. Zisipofanana, faili limeharibika, na bora ulijue ukiwa Mbeya.
3. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.
4. Beba na programu zenyewe za Kiwix na Kolibri, za Windows na za Android. Kuna watu wamefika shuleni na GB 60 za masomo bila kitu cha kuyafungulia.

Kuweka seva, hatua kwa hatua

Sakinisha Kolibri kwanza. Ikiuliza aina ya matumizi, chagua shule, tengeneza akaunti ya msimamizi, kisha ingiza masomo kutoka diski ya nje. Wanafunzi wasajiliwe kwa namba zao za usajili shuleni na jina la kwanza, bila simu ya mzazi wala tarehe ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaigusa shule kama inavyogusa benki. Kwa vidato vya chini ruhusu kuingia bila neno la siri, vinginevyo robo ya kipindi itaishia kwenye "mwalimu nimesahau".

Kisha Kiwix. Fungua mafaili yako, halafu washa sehemu ya seva ya ndani. Hapa kuna mtego: Kolibri na Kiwix zote hupenda mlango (port) namba 8080. Ya pili kuwashwa itagoma na hutaelewa kwa nini. Ipe Kiwix 8081.

Mitihani iliyopita na vitabu vya PDF haina haja ya programu kubwa. Sakinisha Python (lugha ya programu, ya bure), weka mafaili kwenye folda moja, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike `python -m http.server 8082`. Orodha itaonekana kwenye kifaa chochote. Mafaili yape majina yanayosomeka, kama KEMIA_F4_2019, maana "scan0034" haimwambii mtoto kitu.

Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani (address reservation), uipe seva anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Andika ukutani kwa herufi kubwa:

Masomo: 192.168.1.10:8080
Kamusi na Wikipedia: 192.168.1.10:8081
Mitihani: 192.168.1.10:8082

Mwisho, iambie Windows isilale hata kifuniko kikifungwa, programu zijiwashe zenyewe kompyuta ikiwaka, na ukuta wa moto (firewall) uruhusu mtandao wa ndani. Zima kila kitu, washa tena, toka nje ujaribu kwa kishikwambi bila kugusa seva. Kama haifunguki, hujamaliza.

Rauta na kuta za tofali

Rauta za nyumbani huchoka zikifika vifaa 20 hadi 30. Vile vidude vya mfukoni vyenye laini ndani mara nyingi hukomea kumi. Tumia masafa ya GHz 2.4, yanapenya tofali kuliko ya GHz 5. Iweke juu, karibu na dirisha linalotazama madarasa, mbali na kabati la chuma. Bati halipitishi mawimbi, kwa hiyo darasa la jengo la pili linaweza kuhitaji rauta nyingine iliyovutiwa waya. Kabla ya kununua ya pili, jaribu kuhamisha ya kwanza.

Vishikwambi vitalalamika kwamba waifai hii haina intaneti na kuuliza kama ubaki. Jibu ndiyo, na weka alama ya kutouliza tena. Usipofanya hivyo Android itarukia data ya laini, mwalimu ataliwa bando lake akidhani anatumia seva, na kesho yake hatataka kusikia habari ya mradi.

Ratiba na ufunguo

Vifaa vikishakaa sawa, mradi hufa kwa ufunguo. Chumba kinafungwa, ufunguo uko kwa mwalimu aliyeenda semina Njombe, na wiki tatu zinapita. Nakala mbili za ufunguo, mmoja kwa mkuu wa shule na mmoja kwa mwalimu wa zamu, ni hatua ya kiufundi sawa na nyingine zote nilizoandika.

Ratiba isiwe ya "atakayewahi". Ukiacha hivyo, wavulana wa kidato cha nne watakalia kompyuta zote, wasichana watasimama nyuma. Wanafunzi wa kutwa wanaotembea saa moja na nusu kurudi nyumbani hawana jioni. Prepo ni ya wa hosteli. Wape wa kutwa mapumziko ya mchana, na Jumamosi iwe ya wasichana peke yao hadi saa sita. Kila kifaa watoto wawili, na wabadilishane kushika kila baada ya dakika kumi, mlinda saa awe kiranja wa kike.

Walimu nao wapangiwe. Mwalimu ambaye hajawahi kuona PhET hatawapeleka wanafunzi huko. Alasiri moja ya Ijumaa, walimu wa sayansi wakae na seva, kila mmoja atoke na mada moja atakayoifundisha nayo Jumatatu. Zaidi ya hapo ni semina za posho tu.

Intaneti kidogo, kwa kazi za lazima

Bado kuna mambo yanayohitaji mtandao halisi: usajili wa watahiniwa, taarifa za halmashauri, maombi ya mikopo ya HESLB kwa wanaomaliza kidato cha sita. Hapo lile daftari la vipimo linarudi mezani. Chagua kampuni iliyofanya vizuri, nunua rauta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje, na antena yenye mwelekeo. Ifunge kwenye mlingoti mahali palipopimwa vizuri, izungushe kidogokidogo huku mwenzako akisoma dBm kwenye ukurasa wa rauta. Waya wa antena uwe mfupi. Kila mita inakula mawimbi uliyoyapandia mlingoti.

Kisha linda bando na wezi wa ndani. Mwizi mkubwa kuliko wote ni masasisho ya Windows: kompyuta mpya iliyounganishwa asubuhi inaweza kumaliza GB kadhaa kabla ya chai. Kwenye kila kompyuta weka alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (metered connection). Kwenye vishikwambi zima masasisho ya programu na upakuaji wa picha na video wa WhatsApp. Badilisha neno la siri la waifai ya ofisi kila mwezi, na iwe tofauti na ile ya seva. Kama wanafunzi watagusa intaneti hii, weka kwenye rauta anwani za DNS (huduma inayotafuta tovuti kwa jina lake) zinazochuja tovuti za ngono, 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Hazizuii kila kitu, mwalimu awepo chumbani.

Kuomba mnara

UCSAF iliundwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni haioni faida. Barua ianzie serikali ya kijiji, ipite kwa diwani na mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mbunge. Barua nyingi husema "tunaomba mnara, wananchi wanateseka", na zinafanana zote. Ya kwenu iwe na idadi ya kaya za kila kitongoji, shule na zahanati zilizopo, na lile jedwali la dBm mahali kwa mahali, kampuni kwa kampuni. Mhandisi akiliona, ana pa kuanzia.

Kila likizo

Juni na Desemba, mmoja wa wale walimu wawili aende mjini na diski ya nje. Arudi na matoleo mapya ya Kiwix, mitihani ya mwaka uliopita, na vitabu vya kidato kilichoingia mtaala mpya. Faili jipya lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta nyingine, la zamani lifutwe baada ya jipya kufunguka. Nakala ya seva nzima ibaki kwenye diski ya pili, itunzwe mbali na chumba cha kompyuta, kwa mkuu wa shule au ofisi ya kata. Mwizi akibeba seva, au radi ikiipiga, mnanunua kompyuta nyingine ya zamani na Jumatatu inayofuata ratiba inaendelea. Kwenye leja andikeni tarehe, nani alikwenda, ameleta nini, na GB ngapi zimebaki.